Jalada la mauaji limelala: jinsi familia inavyoweza kuokoa vinasaba na kumbukumbu ya sura

Yule dada alikuwa wa tatu kwa mwaka mmoja kuniletea ushahidi uliooza. Alikuja na mfuko wa rambo uliofungwa mafundo mawili, ndani yake shati la kaka yake aliyeuawa miezi saba nyuma. Sikuufungua. Kwa nje tu, kupitia plastiki, ukungu ulishatambaa kutoka kwenye kola hadi mfukoni, pale pale penye doa. "Nimelitunza vizuri," aliniambia. "Hakuna aliyeligusa."

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sipimi vinasaba wala sichori sura za watu. Kazi yangu ni kukaa na familia ambazo jalada la ndugu yao limelala kituoni, na makosa ninayoyaona ni yaleyale: nguo yenye damu kutiwa kwenye plastiki, mashahidi kukaa kikao na "kukubaliana" mtu alikuwaje, picha ya anayeshukiwa kuzungushwa WhatsApp kabla shahidi hajahojiwa. Utaratibu ninaoueleza ni wa Tanzania. Kenya inapotofautiana, nimesema.

Kabla ya kuanza, shika hili. Mchoro wa sura huwaambia wapelelezi wamtafute mtu wa namna gani. Vinasaba, yaani DNA, huwaambia kama waliyempata ndiye aliyeacha alama ile. Familia nyingi huja zikitaka mchoro uthibitishe, na vinasaba vitafute. Vinasaba vinaweza kutafuta pale tu palipo na kumbukumbu za watu wengi za kulinganishia. Bila hizo, maabara inasubiri iletewe mtu wa kulinganishwa naye, na huyo mara nyingi hupatikana kwa maelezo ya shahidi.

## Vitu vya kuandaa

- Bahasha za kaki, kubwa na ndogo, ambazo hazijatumika. Mifuko ya karatasi pia inafaa.
- Karatasi nyeupe safi, za kufungia na za kutandika.
- Glovu za duka la dawa, jozi kadhaa, na barakoa.
- Selotepu pana na kalamu ya wino usiofutika.
- Daftari la kaunta, jipya, kwa ajili ya jambo hili tu.
- Namba ya RB (ya taarifa uliyofungua kituoni), namba ya jalada la kesi na jina la mpelelezi. Kenya utahitaji namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo.
- Orodha ya kila aliyegusa mwili, nguo au chumba: majirani, waosha maiti, dereva wa gari lililobeba mwili, wote.
- Simu yenye kamera.

Hela ya "chai" haimo kwenye orodha hii.

## Hatua ya 1: Tukio likiwa la leo, zuia mikono

Kama mauaji yalitokea zamani, ruka hapa uende hatua ya 2.

Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa afunge njia kwa kamba, benchi, chochote kilichopo. Mtu mmoja asimame mlangoni na kuandika jina la kila anayeingia na saa aliyoingia. Usimfunike marehemu kwa shuka la ndani: shuka limebeba jasho na nywele za nyumba nzima, na likimgusa vyote vinahamia kwake. Ukitaka kumsitiri, simamisha turubai pembeni bila kumgusa.

Kisha kuna jambo gumu. Haraka ya kuosha na kuzika ni heshima kwa marehemu, na hakuna anayetaka kubishana na imamu au mchungaji siku ya msiba. Lakini marehemu aliyepigania maisha yake anaweza kuwa na ngozi ya muuaji chini ya kucha, na josho moja linaiondoa. Mkubwa wa familia aongee na viongozi wa dini mapema, kwa upole: daktari amalize uchunguzi wa mwili kwanza, achukue kucha na sampuli nyingine, ndipo mwili uoshwe. Sijaona kiongozi wa dini aliyekataa baada ya kuelezwa vizuri.

Kama ndugu ameshazikwa, kaburi hufukuliwa kwa amri ya mahakama. Mifupa na meno hutunza vinasaba vya marehemu miaka mingi. Alama za muuaji zilizokuwa juu ya ngozi, hizo usizitarajie sana.

## Hatua ya 2: Kila shahidi aandike peke yake

Fanya hivi leo, hata kama tukio lina miaka. Kumbukumbu ya sura huchakaa haraka, na hupotoka zaidi kila inaposimuliwa mbele ya wengine. Mmoja akisema "alikuwa na ndevu", baada ya wiki wote watatu wameziona ndevu.

Mpe kila shahidi karatasi yake na chumba chake. Asiyejua kuandika aandikiwe neno kwa neno na mtu ambaye hakuwepo kwenye tukio. Mwacheni asimulie mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Baada ya hapo ndipo yaulizwe haya:

- Alikuwa umbali gani? Asiseme "karibu". Aseme "kama kutoka hapa hadi kwenye ule mwembe", kisha mpime kwa hatua.
- Mwanga ulitoka wapi: mbalamwezi, kibatari, taa ya sola, tochi ya simu? Taa ilikuwa upande gani wa uso wake?
- Alimwona kwa muda gani, na kuna kitu kilimziba?
- Alishawahi kumwona kabla ya siku hiyo?

Maswali haya sikuyabuni. Ndiyo ambayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyasisitiza mwaka 1980 katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo mawakili wa utetezi huanzia hapo. Shahidi asiyeweza kusema mwanga ulitoka wapi atayumba kizimbani.

Kama shahidi anamfahamu mtu huyo, hakuna haja ya mchoro. Amtaje kwa polisi mapema kabisa. Mahakama huamini zaidi jina lililotajwa siku ya kwanza kuliko lililoibuka baada ya miezi sita bila sababu.

Usiulize "alikuwa na kovu, sivyo?" Uliza "usoni uliona nini?" Kila karatasi iwe na tarehe na sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja asisome ya mwenzake. Maelezo yakipishana kidogo, yaacheni yapishane. Yanayofanana mpaka nukta ndiyo yanayotia shaka.

## Hatua ya 3: Toa vitu kwenye plastiki

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vinasaba huharibiwa na unyevu, joto na jua. Doa bichi likifungwa kwenye rambo hutoa jasho, bakteria na ukungu huota, na hivyo viumbe hula kilekile tunachokihitaji. Karatasi hupumua. Kitu kilichokaushwa na kuwekwa kwenye karatasi, mahali pakavu na pa baridi, kinaweza kutoa majibu baada ya miongo. Joseph James DeAngelo, polisi wa zamani wa California, alikamatwa Aprili 2018 kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980. Michoro ya sura yake ilishatolewa mingi, haikufanana yenyewe kwa yenyewe, na hakuna uliomfikia. Kilichomfikia ni sampuli iliyohifadhiwa tangu 1980: walipata kwanza ndugu zake wa mbali kwenye hifadhi ya vinasaba ya watafuta nasaba, wakashuka ukoo hadi kwake, kisha wakachukua sampuli kwenye kitasa cha gari lake na kwenye taka zake ili kuhakikisha. Njia hiyo ya ukoo kwetu bado ni finyu, kwani hifadhi zile zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Lakini shati lililotunzwa vizuri halina haraka, na kosa la mauaji halina muda wa kuisha.

Kwanza mpigie mpelelezi. Akisema anakuja kuchukua, kaa mbali na kitu hicho, mwachie yeye. Kama hapatikani na kitu kinaoza, fanya hivi:

1. Vaa barakoa na glovu. Usiongee juu ya kitu hicho, mate huruka.
2. Piga picha kikiwa kama kilivyo, hata ndani ya rambo lake.
3. Tandika karatasi safi mezani, ndani ya chumba kisicho na jua. Kitoe na ukiweke juu ya karatasi. Usikikung'ute, usikinuse, usisugue doa kuona kama linatoka.
4. Kama kina unyevu, kiache kikauke chenyewe kivulini. Pasi, feni na kamba ya nje, hapana.
5. Kikikauka, weka karatasi safi juu ya doa ili pande mbili za nguo zisigusane, kunja mara chache kadiri inavyowezekana, tia kwenye bahasha. Kitu kimoja, bahasha moja. Badili glovu kabla ya kugusa cha pili.
6. Karatasi ya kutandikia nayo ikunjwe, iingie kwenye bahasha yake. Rambo la zamani pia usilitupe.
7. Funga kwa selotepu. Usilambe gundi ya bahasha! Utakuwa umeongeza vinasaba vyako kwenye kesi ya mauaji.
8. Andika juu: ni nini, kilitoka wapi, lini, nani alikifunga. Weka sahihi ipite juu ya selotepu na karatasi, ili ikifunguliwa ionekane.

Ukidhani naikuza habari ya glovu, wasikilize Wajerumani. Walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio kama 40, likiwemo la kuuawa kwa polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika ni vya mfanyakazi wa kiwandani aliyeshika vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Muuaji wa namna hiyo hakuwepo kabisa.

Vitu vinavyosahaulika: kitako cha sigara, chupa ya maji iliyonywewa, kofia, kandambili moja, kamba iliyotumika kufungia, mpini wa panga. Unywele wenye mzizi una thamani kubwa. Usio na mzizi kwa kawaida hutoa vinasaba vya upande wa mama tu.

Ukifaulu, utakuwa na bahasha kavu, zisizo na harufu, ambazo mtu mgeni akizisoma anajua kila kitu bila kukuuliza.

## Hatua ya 4: Kabidhi kwa maandishi

Mtu binafsi hapeleki kielelezo cha mauaji maabara mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na sampuli za jinai hupitia polisi kwenda Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Unapokabidhi, omba hati ya ukamataji mali ijazwe na uisaini. Kwenye daftari lako andika jina na namba ya askari aliyepokea, siku, saa, na idadi ya bahasha. Mahakama itataka kujua kielelezo kilipita mikono ya nani, mmoja baada ya mwingine, tangu kilipookotwa hadi kilipoletwa mbele yake. Pengo la siku mbili lisilo na jina linatosha kukitupa nje.

Kuna familia moja ilikabidhi viatu dirishani, kwa askari wa zamu, bila karatasi. Mwaka ulipopita hakuna aliyevikumbuka.

## Hatua ya 5: Andika barua

Kuulizia kwa mdomo hakuachi alama kwenye jalada. Barua inaacha. Ipeleke kwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, nakala kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kenya mwandikie mkuu wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) wa kaunti ndogo, nakala kwa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mfano:

> Yah: OMBI LA VIELELEZO KUFANYIWA UCHUNGUZI WA VINASABA, JALADA NAMBA ……
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni (dada) wa marehemu ……, aliyeuawa tarehe …… eneo la ……. Tarehe …… nilimkabidhi Afande …… vielelezo vifuatavyo: ……. Naomba kujua kama vimepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lini, na kwa kumbukumbu namba ngapi. Aidha, naomba shahidi …… ahojiwe kwa ajili ya mchoro wa sura ya mtuhumiwa, kwa kuwa alimwona kwa karibu na hamfahamu kwa jina.

Ukurasa mmoja tu. Usimlaumu mtu, usimtaje jirani unayemshuku. Hilo liseme kwenye maelezo yako ya polisi. Nakala yako igongwe muhuri wa "Imepokelewa". Bila muhuri hujapeleka.

## Hatua ya 6: Mwandae shahidi kwa mchoraji

Kumwandaa si kumfundisha. Alale vizuri, ale, aje bila ndugu wa kumsemea. Asioneshwe picha ya mtu yeyote kabla. Na mchoraji naye asiwe ameona picha ya anayeshukiwa, maana mkono wake utaivuta sura huko bila yeye kutaka.

Shahidi aanze na umbo zima la uso, mrefu au wa duara, kabla ya kwenda kwenye pua na midomo. Tunaukumbuka uso mzima kuliko vipande vyake. Asaidiwe kurudi mahali pale kichwani: alikuwa amesimama wapi, amebeba nini, redio ya jirani ilikuwa inasema nini. Mara nyingi sura hurudi pamoja na redio.

Maneno yetu ya sura mengine ni mtego. "Maji ya kunde" kwa mtu wa Tanga si lazima iwe "maji ya kunde" kwa mtu wa Musoma. Shahidi alinganishe: "kama yule askari aliyekaa mlangoni, mweusi kidogo zaidi." Urefu upimwe kwa mlango. Vitu vinavyosaidia kweli ni vile visivyo vya kawaida: mwanya, kidazi kinachoanzia mbele, ndevu za mzuzu, sikio lililochanika, chale, kovu juu ya nyusi. Mwendo wa kuchechemea na lafudhi haviingii kwenye mchoro, lakini viandikwe chini yake.

Asichokumbuka, aseme sikumbuki. Mchoro mzuri ni ule ambao shahidi anasema "anafanana naye, ila macho sina uhakika". Anayesema "ndiye kabisa, asilimia mia" baada ya kumwona mtu sekunde tatu gizani ananitisha.

## Hatua ya 7: Familia itoe sampuli zake

Wengi hushtuka hapa: "Mnatushuku sisi?" Hapana. Kuna sababu mbili.

Kwanza ni kuchuja. Kama wewe na mama mlilishika lile shati, vinasaba vyenu vipo. Maabara ikivijua, inaviondoa na kubaki na visivyo na mwenyewe. Ndiyo maana ya ile orodha ya waliogusa.

Pili ni utambuzi, mwili ukiwa umeharibika. Baba, mama na watoto ndio bora, kwa kuwa kila mtu hupata nusu ya vinasaba vyake kwa kila mzazi. Shakahola, Kenya, miili iliyofukuliwa kuanzia Aprili 2023 haikutambulika kwa macho. Ndugu walitoa sampuli, na Machi 2024 familia za kwanza zikakabidhiwa wapendwa wao. Mswaki au wembe wa marehemu pia husaidia. Utie kwenye bahasha, si kwenye rambo.

Sampuli yenyewe ni kusuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Haiumi.

## Hatua ya 8: Soma majibu jinsi yalivyo

Majibu huja kwa polisi, nawe utaelezwa. Yako ya aina tatu, na kila moja husomwa vibaya.

Sampuli zinaoana. Alama ile ni ya mtu huyo. Haisemi iliachwa lini wala alikuwa anafanya nini. Jirani aliyekuja kula kila jioni atakutwa kwenye kikombe bila kuwa muuaji. Damu yake kwenye kucha za marehemu ni habari nyingine. Kama kipimo kilikuwa cha ukoo wa kiume, baba, wana na kaka hawatofautishwi.

Hazioani. Usimchukie mpimaji. Mwaka 1986 huko Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana mmoja, na vinasaba vikaonesha siye. Vilevile vinasaba vikaonesha kwamba mtu mmoja ndiye aliyewaua wasichana wawili, na muuaji huyo, Colin Pitchfork, akakamatwa mwaka uliofuata. Bila lile jibu la kwanza, angefungwa mtu asiye mwenyewe.

Hakuna matokeo. Sampuli ilikuwa kidogo au imeharibika. Uliza kama sehemu imebaki na kama kuna kielelezo kingine. Shati la yule dada liliishia hapa. Kandambili ya tukio lilelile, iliyokuwa uvunguni imefungwa kwenye gazeti, ndiyo iliyopelekwa badala yake.

## Hatua ya 9: Mchoro ukitangazwa, linda gwaride

Mchoro hutangazwa na polisi. Wewe usiusambaze kivyako, na usiweke picha ya Facebook ya mtu kando yake na alama ya kuuliza. Kwanza, mtu anaweza kuchomwa moto na wananchi wenye hasira kwa kufanana na penseli. Pili, shahidi akishaona picha hiyo, gwaride la utambulisho limekufa: wakili atauliza kama alimtambua mtu wa siku ile au mtu wa WhatsApp.

Kirk Bloodsworth wa Maryland, Marekani, alifikiwa hivyo mwaka 1984. Mchoro ulioneshwa kwenye televisheni, mtu akapiga simu kwamba anamfanania. Maelezo ya mwanzo yalikuwa ya mtu mrefu na mwembamba mwenye nywele za dhahabu. Yeye alikuwa mfupi kuliko hapo, mnene, nywele nyekundu. Mashahidi watano walimtaja mahakamani, akahukumiwa kifo. Doa kwenye nguo ya mtoto aliyeuawa lilimtoa gerezani mwaka 1993, na miaka kumi baadaye likamwonesha mwenye nalo.

Kwenye gwaride, mtuhumiwa husimamishwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri na umbo. Shahidi aende akijua kwamba huenda mtu huyo hayupo kwenye mstari, na kwamba kusema "simwoni" ni jibu kamili. Asipite dirisha la mahabusu akielekea huko, wala asikae benchi moja na shahidi aliyetoka.

## Hatua ya 10: Ratiba ya kufuatilia

Kila baada ya miezi mitatu, nenda na daftari lako, si kwa ugomvi. Uliza vitu vitatu: vielelezo viko wapi leo, majibu gani yamerudi, nani ana jalada. Andika jibu mbele ya anayekujibu, pamoja na jina lake. Likibaki lilelile mara mbili, barua inayofuata iende kwa RCO moja kwa moja.

Mpelelezi akihamishwa, usisubiri miezi mitatu. Nenda wiki ileile umpe mpya nakala ya barua yenye muhuri, orodha ya bahasha na jina la aliyezipokea, kisha mwombe mwende wote wawili stoo ya vielelezo mkazihesabu.